TUSOME HESABU, TUSISOME MAJINA



Mumezoea kuona sisi makapita tunaandika katika gazeti hili juu ya kengele, juu ya kuchelewa, juu ya shati isiyoingizwa katika suruali. Leo hatuleti sheria. Leo tunaleta kosa, na wenye kosa wa kwanza ni sisi wenyewe. Ni jambo la Sikukuu ya Mavuno, ile tuliyoifanya katika bustani ya shule kisha mavuno ya mwezi wa kwanza. Ya pili inakuja mbele ya kufunga mwaka wa masomo. Ikiwa hatusemi sasa, tutaifanya tena vilevile, na aibu itakuwa mara mbili.

Tuanze na mazuri, sababu ni mengi. Kila siku ya posho wanafunzi wote wanashuka na jembe katika bustani kwa ile kazi ya mikono tunayoita salongo. Jina hilo ni la wakati wa Zaïre, katika miaka ya 1970. Sisi tulizaliwa nyuma sana, lakini tunalitumia kila juma. Tunalima kabichi, karoti, pwaro na maharagi, na kule chini karibu na kijito, lengalenga. Siku ya sikukuu mlango wa bustani unafunguliwa kwa kila mtu. Wazazi wanakuja na watoto wadogo, wakoko wanakuja na fimbo zao, hata watu wa kartie ambao hawana mtoto hapa shuleni wanaingia. Jamaa zinakaa kwenye majani, korali inaimba, watoto wanakimbia katikati ya matuta, na hakuna mwalimu anayewakemea. Hapa kwetu hakuna bustani nyingine ambamo baba, mama na watoto wanaweza kukaa pamoja nusu ya siku bila kulipa kitu. Kwa sababu hiyo tunaipenda sikukuu hii, na hatutaki ife.

Wengine wanafikiri sikukuu ya mavuno ilianza na wamisionari. Kusema kweli ni ya zamani sana. Katika Torati, Waisraeli waliamriwa kufanya Sikukuu ya Vibanda kwa siku saba, wakiisha kukusanya nafaka na zabibu zao. Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 16. Mtakuta pale list ya wale wanaopaswa kufurahi: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Muangalie vizuri. List ile ni ya watu walioalikwa. Si list ya vitu walivyoleta.

Tusifiche neno linalofuata, sababu kuna watakaotukumbusha: sura ileile inakataza mtu kuja mikono mitupu. Ni kweli. Lakini inasema kila mmoja atoe kadiri alivyobarikiwa. Kadiri ya baraka yake, si kadiri ya jirani yake.

Na ile desturi ya kupamba kanisa na mazao, kama Waprotestanti wengi wanavyoifanya, haina umri mkubwa. Wanaoandika historia yake wanamtaja mchungaji mmoja Muanglikana, Robert Stephen Hawker, wa Morwenstow katika Cornwall, huko Uingereza. Mwaka 1843 aliita waumini wake kuja kanisani kushukuru kwa ajili ya mavuno, na katika Meza ya Bwana wakatumia mkate wa ngano mpya. Huko kwao ilikuwa mwezi wa kumi, wakati baridi inakaribia na majani ya miti inaanza kuanguka. Sisi tunapenda kufikiri juu ya ule mkate. Ngano ikiisha kusagwa na unga ukiisha kukandwa, nani anaweza kusema punje hii ilitoka katika shamba la fulani? Mkate unabaki mmoja, na kila mtu anaumega.

Basi sisi tulifanya namna gani?

Tuliweka meza kwenye mlango wa bustani. Juu ya meza kulikuwa kaye kubwa yenye mistari ine: jina la jamaa, kitu walicholeta, kipimo, bei. Mmoja wetu alikuwa anaandika. Wawili walikuwa wanapima kwa guigoze na kwa mizani. Kisha ibada, mbele ya mnada, mwingine alichukua mikro na kusoma kaye yote, toka juu mpaka chini. Aliyeshika mikro siku ile ni huyu anayeandika sasa kwa jina letu sote.

Katika wale waliokuja asubuhi alikuwa mama mmoja pamoja na mtoto wake, mwanafunzi mwenzetu wa madarasa ya chini. Hatutaji jina lake wala darasa lake. Jamaa yao ni wakimbizi wa vita. Mashamba yao yamebaki kule walikotoka, na hapa wanalima kipande kidogo walichopewa nyuma ya nyumba ya mtu. Mama alikuwa na kitunga chenye vifungu ine vya lengalenga, vimeoshwa vizuri na kufungwa na kamba ya mgomba. Mtoto akakaribia meza, akasema kwa sauti ya chini:

« Yaya, tafazali, andika jina letu, lakini usiandike vitu. »

Tukamujibu: « Sheria ni ya wote. »

Tulijibu hivyo mbele ya mama yake. Na tuliona ni vizuri, tuliona tunafanya kazi yetu bila upendeleo.

Halafu tukaingia kusali. Na mambo haya walimu wanayajua kama sisi: mahubiri ya siku ile yalikuwa juu ya yule mjane wa Injili ya Marko, sura ya 12, aliyetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la hekalu, na Yesu akasema ametoa kupita matajiri wote. Tuliitika amina kwa nguvu. Hata saa moja haikupita, mikro ikasoma: jamaa fulani, mbuzi mmoja, watu wakapiga makofi. Jamaa fulani, mifuko mbili ya viazi, makofi. Jamaa fulani, guigoze makumi tano za maharagi; makofi na vigelegele. Kisha: jamaa fulani, lengalenga, vifungu ine. Kwanza kimya. Kisha mtu akacheka upande wa nyuma, na wengine wakamufuata. Hata sisi wengine tulicheka, tusiseme uongo. Mama aliinama kama anatafuta kitu katika kitunga, na kitunga kilikuwa kimeisha kuwa bule.

Juma lile lote mtoto alikuja darasani. Siku ya posho hakushuka bustanini. Sisi makapita tukaandika jina lake katika kaye ya watoro! Ni mwalimu mmoja aliyetuuliza: « Munajua kwa nini hakuja? » Pale tukaanza kufikiri.

Tulifikiri hivi. Mnada wa siku ile uliuza kabichi nyingi kupita vitu vingine vyote. Zile kabichi zilitoka wapi? Zilitoka katika matuta ya bustani yetu. Nani alilima yale matuta? Kila mwanafunzi alilima, na mtoto yule pia. Tuta lake liko pale kwenye mteremko, upande wa jiwe kubwa. Alilitolea maji katika kijito toka mwezi wa kumi. Kwa hiyo mtoto aliyechekwa kwa vifungu ine vya lengalenga alikuwa ameisha kutoa kabichi zake, lakini katika kaye yetu hakuna mstari wa jembe. Kaye ile inajua kuandika kilo. Haijui kuandika migongo iliyouma.

Tena kuna jambo la majira, na wenzetu wa mashamba wanalijua sana. Huko kwa Hawker ngano inavunwa mara moja kwa mwaka, wote kwa wakati mmoja. Hapa kwetu milimani mvua ni mbili na mavuno ni mbili: tunapanda mwezi wa tisa na kuvuna karibu ya mwezi wa kwanza, tunapanda tena mwezi wa pili ao wa tatu na kuvuna mwezi wa sita. Lakini hii ni hesabu ya maharagi, ambayo yanaiva katika miezi mitatu hivi. Muhogo unaweza kukaa katika udongo mwaka mmoja na zaidi. Mtu aliyepanda muhogo, siku ya sikukuu yetu yeye hana kitu cha kuleta, si kwa uvivu, sababu mali yake ingali chini ya udongo. Tukisoma kaye kwa mikro, yule wa maharagi anaonekana mwenye bidii na yule wa muhogo anaonekana mkaidi. Je, tarehe ya kalenda inaweza kuhukumu moyo wa mtu?

Kuna tena uongo unaozaliwa na kaye ile. Tunajua wanafunzi wawili ambao wazazi wao walienda soko mbele ya sikukuu, wakanunua viazi kwa deni, wakavileta kama mavuno yao, juu wasichekwe. Mavuno ya deni! Wakatoa shukrani siku ya yenga, na siku iliyofuata mwenye duka akabisha mlango. Na wengine, ambao hawakupata hata deni, walibaki nyumbani. Wale ndio Torati iliwaita kwa majina, mgeni na yatima na mjane. Sisi tunawafukuza bila kuwafungia mlango.

Sasa tusikilize wanaosema kinyume, sababu hawasemi mabaya. Wazazi wa komite wanatuambia: « Watoto, kama majina hayasomwi, watu watatoa kidogo. Manjanja ya darasa lile jipya yalitoka wapi? Si katika mnada? » Ni kweli, yalitoka katika mnada. Tunakaa chini ya manjanja yale wakati mvua inanyesha, na tunawashukuru. Wengine wanasema: « Kama hakuna kaye, nani atajua vitu vilienda wapi? » Hilo ni swali kubwa kupita la kwanza. Kila mtu hapa ameona sadaka fulani, mahali fulani, ikipotea kati ya meza na sanduku. Sisi hatuombi giza. Yule anayetoa ana haki ya kujua kilichofanyika na kitu chake.

Lakini tuangalie vizuri: kuhesabu ni jambo moja, kutangaza fulani ametoa nini ni jambo lingine. Tumeyafunga pamoja kama mbuzi wawili kwa kamba moja, na moja anavuta mwenzake. Tunaweza kuyafungua. Na kwa habari ya mnada, anayetaka kununua kabichi moja kwa bei ya kabichi kumi ili shule ijenge, basi anunue, asimame, apigiwe makofi! Pale ni soko la furaha, na mwenye nguvu anaonyesha nguvu zake kwa faida ya wote. Shukrani si soko. Kitunga mtu anacholeta mbele ya Mungu hakina mpinzani.

Kwa hiyo, tukiwa na heshima kwa Bwana Prefe, kwa walimu wote na kwa komite ya wazazi, tunaomba mambo haya ine kwa sikukuu inayokuja:

1. Meza ya mlangoni iondoke. Mahali pake tuweke turubai kubwa katikati ya bustani. Kila jamaa ikiingia, imwage kitu chake pale, maharagi juu ya maharagi, viazi juu ya viazi, majani pamoja na majani. Kitunga kirudi na mwenyewe.

2. Kisha ibada, walimu wawili, wazazi wawili na wanafunzi wawili wapime rundo lote mbele ya watu. Mikro isome hesabu ya wote: maharagi kilo fulani, viazi kilo fulani, mbuzi fulani. Na kisha mnada isome pesa zote, na kazi zitakazofanya. Mwezi unaofuata hesabu ya matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Hivyo mtu wa mbuzi na mtu wa lengalenga watasema neno moja: tumetoa.

3. Matuta ya chini, yale ya karibu na kijito, shule isiyavune. Walawi sura ya 23, katikati kabisa ya amri za sikukuu, inakataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni. Pembe ziachwe kwa maskini na mgeni. Ruthu aliokota namna hiyo katika shamba la Boazi. Kisha sikukuu, mlango wa chini uachwe wazi mpaka jioni, na anayetaka kuchuma achume. Hapana kaye, hapana kapita wa kusimama pale. Sisi wenyewe tunaahidi kutokuwa pale.

4. Wanafunzi wote wa salongo, matuta kwa matuta, waitwe mbele na kuombewa pamoja, kila mmoja na jembe lake. Wao ni watoaji wa kwanza.

Tunajua katika jambo la tatu mtasema: « Wezi watakuja kuchuma kupita maskini. » Labda. Pengine mtu asiye na shida atajaza mfuko wake. Lakini ni heri lengalenga ya tuta moja iende kwa mlafi kuliko mtoto mmoja wa shule yetu aogope kuingia katika bustani aliyoilima. Lengalenga itaota tena kwa majuma machache. Mtoto akikimbia, hatujui kama atarudi.

Neno la mwisho. Siku ya yenga iliyopita tulienda watatu kuomba musamaha kwa mama yule. Tulikuwa na woga sana. Alitupa kiti kimoja na jerikani mbili za kukalia, akatuuliza habari za pwaro, kama zimeshika. Tulipoanza kusema maneno tuliyoyatayarisha njiani, alitukata. Alisema:

« Batoto yangu, na miye kule kwetu nilisomwaka. Kila mwaka. Mifuko ine ya maharagi, na watu wanapiga makofi. Nilikuwa napenda sana. Sikujua mwenye walikuwa wanasoma kisha miye alikuwa anasikia nini. »

Tukakosa la kujibu. Mtoto alikuwa amesimama kwenye mlango, anatuangalia. Tulimuambia tumefuta jina lake katika kaye ya watoro. Akasema tu: « Aksanti, yaya. » Kama atashuka na jembe siku ya posho, hatujui bado. Walituruhusu tuandike haya bila majina, na ndivyo tulivyofanya.

Wenzetu, mwaka huu sisi wa mwaka wa mwisho tunamaliza. Kisha Egzamen ya Serikali tutatawanyika, wengine masomoni, wengine mashambani, na makapita wengine watachukua mikro. Tunawaachia kengele, funguo za magazini na majembe makumi tatu na saba, matatu bila mipini. Ile kaye kubwa ya mistari ine hatutaki kuwaachia. Bwana Prefe akikubali, kurasa zake zinazobaki nyeupe tutazigawa kwa darasa la kwanza, wafanyie hesabu.

Tunangoja jibu la walimu na la komite. Na wewe mwanafunzi unayesoma, kama una mawazo mengine, andika, leta kwa makapita mbele ya siku ya tano. Hatutacheka.

Sisi wenu,
Makapita wa shule